Arobaini

Maji ya ghorofa ya nne yana baridi ya Februari.
Feramuz anasugua kucha mara ya tatu, weusi hautoki:
vumbi la jiwe la Oltu, limemwingia ngozini
tangu utotoni, karakanani kwa baba yake,
akichonga tasbihi.
Muuguzi Nurcihan anamtazama kupitia kioo.
Tena, anasema kwa kidole.

Binti yetu hulala kifudifudi.
Uso wake naujua kwa zamu,
leo shavu la kushoto, kesho la kulia,
haujanitazama mzima.

Jina la ugonjwa lilikuwa refu. Nurcihan akalifupisha:
mgongo wazi.
Nikafikiria mlango. Nikafikiria kuna mtu alisahau kufunga.
Wifi akapiga simu kutoka kijijini: ulikula nini?
Ulitazama mwezi ulipopatwa?
Nilikula mkate na jibini, wifi. Nilibeba kuni.
Mwezi ulikuwa juu ya kila mtu.

Kila asubuhi wanampima kichwa kwa utepe.
Thelathini na sita na nusu.
Thelathini na saba.
Thelathini na nane, na daktari hakuniangalia.
Wakampitishia mrija chini ya ngozi, kichwani hadi tumboni,
maji yapate pa kwenda,
kama theluji ya Palandöken ishukavyo bila kubisha hodi.

Usiku akina mama tunakunywa chai ukumbini,
bonge la sukari limebanwa menoni,
tunasemana waume, tunacheka.
Mama wa kitanda cha saba ndiye aliyekuwa akituchekesha.
Kitanda cha saba kimetandikwa upya.

"Mtu ana pingili thelathini na tatu," Feramuz alisema,
"sawasawa na tasbihi."
Kisha akanyamaza; alishajua ni punje zipi.
Baadaye, gizani: jiwe letu likitoka ardhini ni laini,
walikata kwa kisu kama sabuni. Hewa ndiyo huligandisha.
Sikumjibu.
Wetu hewa ilimgusa kabla ya wakati.

Kidonda kilifunguka mara mbili.
Kila baada ya saa nne, mrija mwingine, mwembamba,
na mimi naandika mililita daftarini.
Niliyesoma hadi darasa la nane,
leo karani wa mkojo, mwandiko mzuri.

Leo ametimiza arobaini.
Mama mkwe ametuma kokoto arobaini kwenye chupa ya jemu,
za kutia katika maji ya kumwogeshea.
Nurcihan alisema hapana kabla sijafungua kifuniko.
Akamfuta kwa pamba: kwapa, shingo,
nyayo zisizokunjika zikitekenywa.
Kila siku nazitekenya.
Juzi kidole gumba kiliruka, nikapiga ukelele,
daktari akaja mbio, akasema kwa upole:
ni msuli tu, mama, si yeye.
Si yeye. Basi ni nani?

Alasiri wakabandua bandeji, wakainama, wakanong'ona.
"Mnaweza kumpakata."
Tulikuwa tumelisubiri neno hilo hata tukalisahau.
Tukatazamana, mimi na Feramuz,
kama watu wawili walioitwa kwa jina moja.
"Kucha," akasema Nurcihan.
Akazinyoosha. Nyeusi.
Nurcihan akazikagua, akapumua,
akamlaza mtoto mikononi mwake.

Mikono hiyo kazi yake ni kutoboa.
Sasa haijui itulie wapi:
juu ya mshono, chini ya mshono,
kiganja kinaelea kama kinaogopa kuungua.
Akamgeuza, kidogo, kidogo tena.

Sehernaz.
Macho yote mawili kwa pamoja.
Moja limekodoa, jingine zito la usingizi,
na kati yake mkunjo wa shuka umechora mstari mwekundu
puani.

Saa ya mrija imepita dakika tano.
Nurcihan ameiona.
Anaangalia dirishani, theluji,
kana kwamba kuna kitu huko.