Ngazi ya Tano

Mwanasheria anataka orodha. Nitampa orodha.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha aljebra hapa Tartu,
siwezi kuandika hata oda ya mbao
pasipo LaTeX. Heino alikuwa akinicheka,
yeye aliyeandika vipimo vya fidla kwa penseli
mlangoni mwa jokofu.

Nje, Mtaa wa Njegere umefukiwa na theluji.
Kwenye kioo, nukta nyeusi, nene, zimejipanga
kama mavi ya panya juu ya rafu.
Hapana.
Nafungua mabano, naagiza kistari,
kirefu, chembamba, waya uliolegezwa.

Nafasi kati ya kitu na kitu naishusha hadi sifuri:
randa, patasi, tupa, gundi ya ngozi, patasi tena.
Vilivyozoeana havihitaji kupishana.
Pambizo la kushoto nalisogeza. Milimita sita. Nane.
Narudi sita. Rauno anapiga simu toka Oulu:
"Mama, bado tu? Si ni orodha tu?"
Orodha tu, ndiyo. Mkate nao ni unga tu.

Nyumba: kistari.
Ndani ya nyumba, karakana: nyota.
Ndani ya karakana, kabati la mwaloni: kiduara kitupu.
Ndani ya kabati, droo ya tatu: pembetatu,
na kila ngazi yasogea kulia,
kama mtu anayeshuka ghalani akipapasa ukuta.
Ndani ya droo, bati la biskuti.
Naliandika. Naendesha faili.
Mashine inakataa: umezama mno.

Dawa yake naijua. Mstari mmoja kichwani mwa waraka
na ngazi ya tano inafunguka;
wanafunzi wangu wanaujua usingizini.
Vidole viko tayari.

Ndani ya bati: vigingi viwili vya mti wa peasi,
jino la Tanel, la utoto,
tiketi ya basi la Viljandi,
na karatasi aliyoanza kuniandikia,
"Maarika, ukirudi"
ikaishia hapo, bila hata nukta.

Warithi wagawane nini hapo?

Nafuta. Naendesha upya.
Ukurasa unatoka safi, vistari vimenyooka.
*Droo ya tatu: bati moja, la buluu.*
Mwanasheria ataridhika, hulipwa kwa kurasa.

Bati lenyewe nimelihamishia jikoni, juu ya jokofu.
Mlangoni penseli bado inasomeka:
thelathini na tano nukta sita,
na mkwaruzo mdogo pale alipokosea, akafuta,
akaandika vilevile.