Msoma Kipimo wa Sondu

Saa tatu asubuhi nashuka ngazi za udongo,
kalamu nyuma ya sikio, daftari ndani ya nailoni.
Ubao umesimama majini
kama mtu aliyeitwa akasahau alichoitiwa.
Mita moja, nukta nne mbili.
Naandika. Ofisi ya Kisumu haitaki zaidi.

Haitaki rangi.
Lakini wekundu ukija mapema,
kuna aliyelima hadi ukingoni kule Kiptiget;
na maji yakiwa meusi, chai iliyokosa maziwa,
basi kumenyesha Mau, chini ya mianzi,
na ilikuwa jana.

Chelang'at hunipigia toka Kuresoi.
Hatujaonana. Namjua kwa kikohozi na kwa bati lake:
nyumba yao imekaa juu ya kigongo chenyewe,
mvua ikipiga, mgongo wa paa ndio unaoamua.
Tone la kulia huenda Ziwa Nakuru, kwenye magadi,
kwa heroe na miguu yao ya kukopa.
La kushoto linateremka kwangu.
"Leo upande wako umejaza pipa," husema, akakata.

Nahesabu saa: Itare, Kiptiget, Chemosit,
Yurith ikikutana na Kapsonoi, zote zikipoteza majina
kama maharusi wanaohamia nyumba ya tatu.
Ukishapita daraja letu watu wanauita Miriu,
nao unajirusha Odino bila kuuliza kina,
unatapakaa Nyakach, unachoka ndani ya mafunjo,
unamwaga ziwani shamba la mtu.

Ningu hupanda toka ziwani, matumbo yamejaa mayai,
wakaishia chini ya Odino.
Hakuna kinachonifikia toka chini.
Kila ninachokijua kimeanzia juu.

Mwaka ule tulipogawana soko kwa mawe,
daraja likafungwa, askari wakalikalia,
nilishuka vilevile. Mita mbili, nukta sifuri tisa.
Likapita gunia la viazi.
Ukapita mlango mzima, wa kijani,
ufunguo ungali kwenye kitasa.
Daftari halina safu ya mlango.

Siku kumi na moja simu haikuita.
Ya kumi na mbili, kikohozi.
"Pipa limejaa," akasema. "La upande wako."

Nikaandika tarehe, saa, kimo cha maji,
kisha pembeni, pasipo safu,
kwa herufi ndogo:
bati lipo.