Stoo

Bi. Jerop wa afya alikuja Jumanne, saa ya chai,
buti zimepauka kwa vumbi la Kaptembwo,
kalamu ameichomeka kwenye nywele.
Hakuketi. Alihesabu vyumba kwa kidole: kumi na viwili.
Akahesabu vyoo. Hilo halikumchukua muda.

"Mzee Kamwaro, choo kimoja, watu arobaini na mmoja?"
Nikamwambia wengine ni watoto.
"Watoto hawaendi haja?" Akaandika.
Karatasi ya kaunti, muhuri wa zambarau:
siku sitini, vyoo vitatu zaidi,
la sivyo nyumba zifungwe, mwenyewe apande kizimbani.

Usiku nikakaa na hesabu zangu.
Ploti yangu ni lumbesa:
niliijaza, nikaishonea shingo, nikaijaza tena.
Kushoto ukuta wa jirani, kulia mtaro,
katikati kamba za nguo na tangi la maji
ambalo hata mimi hulipita kwa ubavu.
Miaka ishirini na sita kiwandani, pareto kifuani,
kiinua mgongo chote kikawa mabati.
Nani atanibomolea bati hata moja?

Nikafikiria namba sita.
Apondi, muuza omena, miezi miwili hajalipa.
Mwanangu Githae akatikisa kichwa:
siku hizi kuna baraza la kodi, Baba,
kuna notisi kwa maandishi, kuna stakabadhi.
Na ushuru wa nyumba, ushalipa?
Nikamwuliza yeye ni mwanangu au ni wa serikali.

Basi ikabaki stoo.

Kufuli mbili, ufunguo shingoni kama rozari.
Ndani mlikuwa na milango.
Mpangaji akichelewa sikumpigia kelele,
mimi si mtu wa kelele.
Nilikuja na bisibisi, nikafungua bawaba,
nikaondoka na mlango kichwani, taratibu,
nikamwachia baridi ya Menengai aongee nayo.
Usiku wa tatu pesa zilipatikana.
Wengine hazikupatikana. Walihama gizani,
wakaniachia mlango, nikabaki na deni na mbao.

Milango tisa, nimeiegemeza ukutani
kama watu waliopanga foleni
mbele ya dirisha lililofungwa.
Mmoja wa buluu una mikwaruzo ya msumari,
kimo cha mtoto: Mei, Agosti, Desemba.
Baada ya Desemba, rangi tupu.
Sijui aliendelea kurefukia wapi.

Fundi Wafubwa akachimba siku tisa.
Jiwe la chini likamvunjia sururu mbili,
akanidai zote mbili, na soda.
Siku ya kufunga akauliza, "Milango tununue?"
Akaitazama ile foleni. Nami nikaitazama.
Tukachagua wa kijani, wa kijivu,
na wa buluu, mikwaruzo ikae nje.

Siku ya hamsini na nane Bi. Jerop alirudi.
Akamwaga ndoo, akasikiliza maji yanavyoshuka,
akapitisha kidole kwenye buluu.
"Hizi ni nini?"
Nikasema, mbao kuukuu.
Akaniangalia kidogo kuliko nilivyostahili,
akagonga muhuri.

Sasa watoto wa ploti, wakingoja zamu,
hujipima hapo. Wa namba tatu kashampita Desemba.

Mlango wa namba sita sikumpa fundi.
Niliubeba mwenyewe, jioni, bila kupiga hodi,
maana ungegonga nini? Palikuwa na leso tu.
Apondi akanitazama, samaki mkononi, hakusema ahsante.
Fremu ilikuwa imevimba kwa mvua.
Tukausukuma wote, mimi nje, yeye ndani,
bega kwa bega na ubao katikati yetu.

Haukufunga vizuri. Mpaka leo haufungi.
Na miezi miwili bado ni miezi miwili,
nimeiandika kwenye daftari, kwa penseli.