Kizuizi cha Avenyu Yetu

Mchango nilitoa, sikani:
faranga elfu tano, na mume wangu alikoroga saruji.
Malori ya madini yalikuwa yanapita hapa usiku,
vumbi jekundu likitua hata juu ya bukari.

Sasa chuma kimelala katikati ya njia.
Ufunguo anao Papa Kapend,
ameufunga kiunoni kama hirizi.
Malori yamehamia avenyu ya nyuma;
Mama Ngalula wa kule
hanijibu tena salamu.

Leo alfajiri amekuja Chola,
kutoka njia ya Kasenga, akisukuma usiku kucha
magunia matatu ya makala juu ya kinga.
Kinga: ndivyo tunavyoita baiskeli, sisi wa Lubumbashi.
Kakiona chuma. Hakupiga kelele.
Kafungua kamba, kashusha gunia,
kashusha jingine,
kashusha jingine,
kavusha kinga, karudi kubeba.

Nilikuwa dirishani.
Niliyahesabu magunia, sikutoka.

Saa nne kanigongea, nikanunua debe, kama kawaida.
Hatukusema neno juu ya chuma.

Jioni kuna mkutano: wanataka kingine, upande wa chini.
Elfu tano tena.
Noti ninayo hapa mkononi,
na vidole vyangu
vimeshaitia weusi.