Mzingo wa Kiuno

"Wewe?"
Neno moja tu, na limenitosha miaka ishirini na tisa.
Alilitamka mwalimu wa darasa la sita, kule Chavakali,
chaki mkononi, nilipoinua mkono nijibu hesabu,
na darasa zima likanichekea mgongoni.
Halikuwa tusi. Tusi hupona.
Lilikuwa swali, na swali huota mizizi.

Nikalibeba hadi Nairobi ndani ya sanduku la bati.
Likapanga nami chumba Kaloleni, halilipi kodi.
Nilipoona tangazo kwenye lango la shule, Makadara
(masomo ya jioni, watu wazima, mtihani wa kidato cha nne),
likaniwahi: "Wewe?"
Nikajitia nasoma bei ya mkaa upande wa pili.

Mara tatu nilichukua fomu.
Ya kwanza nilifungia vifungo vya mteja.
Ya pili nilikatia ruwaza ya kola.
Ya tatu niliijaza: Kageha, arobaini na moja, fundi,
kisha penye "kiwango cha elimu"
kalamu ikakauka, au mkono.
Ikalala chini ya cherehani mpaka mafuta yakaila.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Wahenga, mimi nimeinama miaka kumi na tisa
soko la Jericho, kibanda cha nne kutoka msalani,
uti wa mgongo ni shahidi.
Cha mvunguni kingali mvunguni.

Julai, ile baridi isiyo mvua wala jua, nilikwenda.
Sitadanganya kuwa nilipata ujasiri.
Stima ilipotea sokoni saa moja kasorobo,
taa za shule zikawa zinawaka kule mbele,
na miguu ikaona afadhali huko kuliko gizani.
Wengine huitwa na ndoto.
Mimi nilifukuzwa na stima.

Nikaketi nyuma, karibu na mlango,
mkoba magotini kama mtu anayengoja daktari.
Mwalimu Gakii ningeweza kumzaa.
Akachora duara ubaoni, duara baya, limebonyea kushoto,
mimi ningelifumua nirudie.
"Nusu kipenyo ni saba. Mzingo je?"

Kimya.
Mlinzi wa benki akatazama viatu vyake.
Kijana wa jua kali akauma kalamu.

Na mimi nikaona kitambaa.
Nikaona kitenge kimekunjwa mara nne,
futikamba pembeni, inchi saba, chaki ikizunguka
kutoka ukingo hadi ukingo:
sketi ya duara ya Mama Awuor wa kwaya,
ambaye kila nikimpima hunishika mkono,
"Usiandike, utanitangaza."

"Arobaini na nne."

Sauti ilikuwa yangu, imekwaruza kidogo.
Gakii akageuka. "Umejuaje?"
Ningesema nini? Kwamba duara hilo nalifahamu,
kwamba nimelifunga zipu mara sita?
Nikasema, "Ni kiuno cha mtu."

Wakacheka.
Nikakaza mabega, nikingoja kicheko kile cha zamani
kinipate palepale mgongoni.
Hakikufika. Hiki kilikuwa kimezunguka chumba kizima
na mimi nilikuwa ndani yake, nacheka.

Sasa sijui niseme nimepona.
Jana tumeanza logi, sikuambulia kitu,
na neno lile likaja likasimama mbele ya dawati langu:
"Wewe?"
Nikalitazama nitazamavyo mteja
kabla sijatoa futikamba: mabega, kifua, kimo.
Si kubwa vile.
Mita moja na nusu ya kitambaa ingelitosha, na kipande kikabaki.

Nikaliambia, kaa ukitaka.
Lakini sogea kidogo.
Unanizibia ubao.