Sote Wangapi

Machi ile nilipita mtaa wa Heol-y-Graig nikiuza upepo.
Fomu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua ya Welisi,
kalamu mbili, na sentensi niliyoikariri:
Kinu hiki kitakuwa chetu sote.
Hisa moja paundi mia mbili na hamsini.
Mwalimu mstaafu wa namba tatu alichukua mbili.
Daktari wa meno, aliyekwisha kuhamia mjini, alichukua ishirini,
akatia saini juu ya boneti ya gari, injini ikinguruma.

Namba kumi na moja alinifungulia Mererid Probert,
koti mwilini, ndani ya nyumba yake mwenyewe.
Ukutani nyuma yake mita ya kadi
ilihesabu kurudi nyuma, senti kwa senti,
kama mdai asiyeondoka kibarazani.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
Kisha akauliza: "Sote? Sote wangapi?"

Nikamtajia faida ya asilimia nne kwa mwaka.
Alicheka, wala si kwa ubaya.
Yeye hununua umeme wa paundi tano tano
dukani kwa Idris, pamoja na maziwa.
Wenye akiba hulipa mwisho wa mwezi, tena kwa nafuu;
yeye hulipa kabla, tena zaidi.
"Mlima ule baba yangu aliuchimba kwa chini.
Makaa yakatoka, yakapanda reli,
yakaenda kuwapasha joto watu wa kwingine.
Sasa mnauvuna kwa juu.
Nieleze tu, safari hii reli inapita wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na fomu.

Ukumbi wa kanisa, birika la chai, viti vya kukunja.
Nilisimama kwenye "Mengineyo," watu wameshavaa makoti.
Nikasema, tumejenga mlango wa wote
tukauwekea kizingiti cha paundi mia mbili na hamsini.
Mmoja akasema upepo ni bure.
Upepo, ndiyo. Chuma je? Nyaya je? Mkopo je?
Mwenye moto hamjui mwenye baridi,
nami nilikuwa na moto, nikaona haya.

Tulibishana tangu vitunguu pori vichanue
hadi majani yaanguke.
Meurig alichora jedwali, akafuta, akachora tena.
Daktari wa meno alileta barua ya kurasa tatu
na akaondoka na hisa zake ishirini.
Mwishowe asilimia nne ikawa mbili na nusu.
Kila nyumba yenye mita ya kadi iingie kwa paundi moja,
deni la hisa likatwe taratibu
katika kile itakachookoa;
na kura yake iwe moja,
kama ya mwenye hisa hamsini.
Ilipita kwa kura nane.
Meurig alihesabu mara mbili, hakuamini.

Mapanga ya kinu yalipanda bondeni usiku,
lori likikata kona ya duka la mikate kwa inchi,
watoto madirishani na nguo za kulalia.
Siku ya uzinduzi Mererid hakuja.
Alikuwa zamu, akipiga deki hospitalini.

Januari nilibisha tena namba kumi na moja.
Ukungu ulikuwa umekimeza kinu; kilisikika tu.
Alifungua akiwa na blauzi, mikono wazi.
Mita ipo palepale, bado inahesabu,
ila polepole, kama mtu anayeshuka ngazi kwa kujishikilia.
"Bado nalipa," akasema.
"Na upepo ukilala bei inaamka. Andika na hilo."
Nikaandika.

Halafu akataka kujua mkutano mkuu ni lini,
maana ana hoja:
wale wapangaji wa ghorofa za nyuma ya kituo,
ambao mita ina jina la mwenye nyumba,
hakuna aliyewapelekea fomu.
Alikwisha kuwahesabu. Milango thelathini na minne.
Akanyoosha mkono kuuchukua mfuko wangu wa plastiki.