Usiku wa Kupiga Maji

Karibuni. Pangusa viatu, mzee; sakafu hii ya mwaloni
ina umri kuliko hasira zangu.
Mimi ni Perrine Gaudichon, mshika funguo wa jumba la Vernoille,
zamu ya Jumanne hadi Jumamosi,
na ninyi mmekuja kuona kitanda.

Wote huja kuona kitanda.

Ndicho hiki. Msivuke kamba.
Mfalme alilala hapa mara tatu, kila mara mwezi wa Mei,
akielekea kusini vitani,
na kwa kila ujio bwana wa nyumba aliongeza kitu:
mara ya kwanza ngazi, ya pili dari yenye malaika wanene,
ya tatu deni
ambalo wajukuu walirithi pamoja na pua yake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji huyu hakupona.

Lakini sogeeni dirishani.
Kile kinachong'aa nyuma ya misonobari ni bwawa.
Halimo kwenye tiketi.
Sologne ni nchi ya mabwawa, bwawa ni nchi ya vyura,
na mwezi wa Mei chura dume hana adabu mbele ya taji.
Kelele za vyura, tunaambiwa, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Ng'ombe si mfalme.
Ng'ombe hana usingizi mwepesi, wala hana msimamizi mwoga.

Basi jua likizama msimamizi alipita mlango kwa mlango,
na kila kaya ikatoa mtu na fimbo.
Waliingia majini hadi mapajani, wakapiga.
Si kwa nguvu: kwa kipimo,
fimbo juu, fimbo chini, fimbo juu,
wakilibembeleza bwawa hadi alfajiri
kama yaya anavyompigapiga mgongoni
mtoto wa mtu mwingine.

Mathurin, wa ukoo wetu, alikuwa na miaka kumi na mitatu.
Alipiga kwa mpini wa jembe la babake.
Homa ya mabwawa ilimchukua kabla shayiri haijakomaa.
Daftari la hesabu la nyumba lipo, nimelipekua:
kuku sitini, mishumaa mia nne, divai mapipa tisa.
Fimbo, hakuna. Mathurin, hakuna.

Sasa kabati la kioo.
Barua ya Mfalme kwa dada yake, asubuhi ya ziara ya tatu.
Wino umegeuka rangi ya chai, mwandiko ni wa kuku,
wageni huipita mbio.
Mimi nimeisoma miaka kumi na tisa:

Nyumba si mbaya, divai si haba.
Usiku kucha mvua ilinyesha,
mvua nyororo, ya mfululizo.
Sijalala hivi tangu utotoni.

Mvua.

Akatoka, akapanda farasi.
Uani vumbi lilikuwa kavu kama unga,
likatimka chini ya kwato,
na hakuuliza.

Hapa huwa nanyamaza kidogo,
na hapakosi mtu wa kuuliza choo kiko wapi.
Kiko chini, mkono wa kushoto.

Saa kumi na moja nafunga.
Mwezi wa Mei sirudi nyumbani moja kwa moja.
Nakaa ukingoni, viatu nimevua,
nao wanaanza: mmoja, kisha sita, kisha huwezi tena kuhesabu,
kelele za kihuni, zisizo na haya,
hadi kioo cha dirisha la kitanda kinatetema.

Siokoti hata kijiti.